Kipimo cha Mninga

Mizani ya Makambako haimwachi mtu. Kila lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au linaloshuka na shaba ya Zambia na Kongo, hupanda pale ekseli moja baada ya nyingine, namba zikatokea kwenye kioo, karatasi ikachapwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwenye ekseli yenye matairi manne, na gari zima pamoja na tela lake lisizidi tani 56. Aliyezidisha hulipa, aliyesalimika huendelea na safari. Lakini mizani ile, pamoja na ukali wake wote, haisemi kati ya matairi manne ya ekseli hiyo ni lipi limebeba na lipi linasindikiza. Wala haisemi kama yale mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja yameachiana nafasi au yanasagana. Habari hiyo humfikia yule tu anayekubali kupiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa na kuchungulia.

Namfahamu fundi mmoja anayepiga magoti. Banda lake la bati liko pembezoni mwa njia ya kwenda Njombe na Songea, hatua chache kutoka pale inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Ana kompresa ya dizeli, pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji ya kutafutia pancha, mitalimbo, na rundo la rimu zilizopigwa kutu. Ni mzee wa Kibena, mwembamba, na kwa baridi na upepo wa Makambako havui koti hata jua likiwa utosini. Wenyeji humwamkia kwa "kamwene". Madereva wa mbali humpa shikamoo, naye huitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kazi. Wote humwita Mzee, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kazi inayomletea Mzee ugali ni ile ya mafundi wote wa matairi: kufungua, kuziba, kufunga, kujaza upepo. Kazi inayomfanya awe fundi, kwa maoni yangu, ni nyingine. Yeye hupima nafasi iliyopo kati ya matairi pacha ya nyuma, na hafungi tairi jipya kabla hajajua kwamba nafasi hiyo itatosha. Katika kupita kwangu kwenye gereji za barabara ile, sijamwona mwingine anayefanya hivyo kwa desturi.

Chombo chake cha kwanza ni ubao wa mninga, mwembamba, ulionyooka vizuri, wenye urefu wa kutosha kulala juu ya matairi mawili na kubaki kidogo. Aliuchonga mwenyewe kutokana na ubavu wa kitanda uliovunjika. Mwisho wake mmoja una kigingi kifupi cha mpingo. Kwenye ukingo wa chini yamekatwa mapengo membamba, na juu ya kila pengo namba imechomwa kwa msumari wa moto: 254, 318, 337, na nyingine ambazo mafuta na jasho la viganja vyake vimezifanya zisomeke kwa kidole kuliko kwa jicho. Hizo ni milimita. Kila moja ni umbali ambao kiwanda cha matairi kimeandika kuwa haufai kupungua, kutoka katikati ya tairi la ndani hadi katikati ya tairi la nje, kwa saizi fulani ya tairi. Alizitoa katika kitabu cha wakala wa matairi ambacho sasa hakina jalada, na kurasa zake zimeshikwa na uzi wa viatu.

Katikati ya tairi hapashikiki, kwa hiyo Mzee hapimi kati. Huzunguka nyuma ya lori, akaulaza ubao juu ya kashata za matairi yote mawili, akakigandamiza kigingi kwenye ukingo wa kulia wa tairi la nje, kisha akatafuta ni pengo gani linaangukia ukingo wa kulia wa tairi la ndani. Kulia kwa kulia. Matairi yakiwa ya saizi moja, umbali wa ukingo hadi ukingo wa upande ule ule ni sawa kabisa na umbali wa kati hadi kati. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani amechoka kuinama ndiyo maana anapima pasipotakiwa. Baadaye alinichorea chini kwa kijiti, duara mbili na mistari miwili, akaniachia niangalie mwenyewe mpaka nikaelewa. Hakuongeza neno.

Chombo cha pili ni kabari, nayo ya mninga, iliyochorwa mistari kuanzia kwenye ncha nyembamba hadi kwenye kisigino kinene. Hiyo huipenyeza kati ya mashavu ya matairi, kwanza juu ambako hakuna mzigo, halafu chini kabisa karibu na ardhi, pale uzito wa gari unapolifanya tairi litoe tumbo. Huishika kwa vidole viwili tu. Haisukumi. Inapogoma yenyewe, huweka ukucha wa dole gumba kwenye mstari, huichomoa na kusoma. Juu inaweza kusimama kwenye mstari wa saba na chini kwenye wa nne. Tofauti ya juu na chini ndiyo habari anayoitafuta, maana humweleza uzito, upepo na afya ya tairi kwa pamoja. Nilimwuliza kwa nini asitumie kipande cha chuma. Alinijibu kwamba mpira ukikwaruzwa ubavuni haufungwi bandeji, na mti hauna kosa hilo.

Tena hapimi gari lililofika sasa hivi. Tairi lililotoka kukimbia lina joto, upepo wake umepanda, tumbo lake limejificha. Mzee husema tairi la moto husema uongo. Dereva hupewa kigoda na chai ya rangi, akaambiwa asubiri. Wengine hukubali. Wengine hutazama saa, wakapiga simu kwa bosi, wakazunguka gari wakilalamika kwamba wamekuja kuziba pancha, si kuchunguzwa. Yeye huendelea kusubiri. Yakipoa, hukagua upepo kwanza, akaufikisha panapotakiwa, ndipo huchukua ubao. Sijawahi kuona mpangilio huo ukibadilika, hata siku ambayo mvua ya Desemba ilikuwa inakuja na foleni ya malori imefika barabarani.

Kwa nini nafasi hiyo ipewe heshima yote hii? Kwa sababu hewa ipitayo hapo ndiyo inayopoza mashavu mawili yasiyoona upepo kutoka kokote kwingine. Tairi la lori, kila linapozunguka, hukunjwa chini na kukunjuliwa juu, na kukunjwa huko huzaa joto ndani ya mpira na nyuzi zake. Upande wa nje wa tairi la nje una dunia nzima ya kupumulia. Upande wa ndani wa tairi la ndani unapokea moto wa breki. Zile pande mbili zinazotazamana zina ule uwazi mdogo tu. Uwazi ukifungika, mashavu hugusana, na kwa kuwa hayaendi kwa mwendo mmoja kila sehemu, husagana. Mwanzoni alama ni ndogo: ubavu unang'aa, maandishi ya kiwanda yanaanza kufutika, unga mweusi unabaki kwenye kidole ukipangusa. Kisha nyuzi zinaonekana. Mwisho wake unajulikana na kila aliyesafiri usiku na kuona lori linawaka nyuma, utingo akirusha michanga kwa mikono kwenye moto ambao mchanga hauutishi.

Halafu kuna jiwe. Kwenye barabara za changarawe jiwe la ukubwa wa ngumi hukwama kati ya matairi pacha, likazunguka nayo, likila mashavu yote mawili. Likitoka, hutoka kwa kasi ya risasi, na anayelipokea ni kioo cha gari linalofuata. Matipa ya migodini huwekewa chuma kinachoning'inia katikati ili kulitoa. Malori yetu ya mizigo hayana. Zamani utingo alikuwa na nondo kwa kazi hiyo, na kila kituo, kabla hajaagiza chakula, alilizunguka gari, akagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio, akachungulia katikati, akang'oa kilichokwama. Leo utingo wengi hushuka na simu mkononi. Nawasema kwa huzuni, kwa maana hakuna aliyewafundisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la saizi ya 11R22.5 lina upana wa milimita 279 hivi. Rimu zikiyaweka mawili umbali wa milimita 318 kati na kati, kinabaki uwazi wa milimita 39, upana wa vidole viwili na ziada. Mwenye gari akishawishika kuvalisha 12R22.5 kwenye rimu zile zile kwa sababu limepatikana kwa bei nzuri na linaonekana imara, upana unapanda kufikia karibu milimita 300, na uwazi unashuka mpaka 18. Hapo gari bado tupu. Panda saruji, panda mahindi ya Songea, punguza upepo kidogo kwa uzembe wa wiki mbili, na hizo 18 hazipo tena. Kilichobadilika ni namba moja iliyoandikwa ubavuni, na duka lililouza tairi halikuona sababu ya kuuliza linakwenda kufungwa wapi.

Tairi la ndani ndilo linaloniuma zaidi. La nje huoshwa, hupakwa rangi nyeusi likang'aa siku ya ukaguzi, hupigwa teke na kila mpita njia anayejifanya mjuzi. La ndani halionekani. Mdomo wake wa kujazia upepo umejificha nyuma ya mwenzake, mtu hulazimika kupenyeza mkono kwenye tundu la rimu na kuchubua vifundo vya vidole ili aufikie. Kwa hiyo mikono mingi haiendi. Barabara nyingi nazo zimeinuliwa mgongo ili maji yasituame, na mgongo huo hulibebesha tairi la ndani zaidi ya haki yake. Juu ya hayo liko jirani na breki. Lori lililoshuka Kitonga na shaba, dereva akiwa ameegemea breki kona kwa kona, huwa limelichemsha tairi la ndani kabla halijafika Ruaha Mbuyuni. Mafundi wa kimataifa wana kanuni kwamba tairi lililopungukiwa upepo kwa asilimia 20 lihesabiwe kuwa lilikimbia bila upepo, lishushwe na kukaguliwa ndani. Mzee hajasoma kanuni hiyo popote. Ila akikuta la ndani limelegea kiasi hicho, hulishusha bila kuomba ruhusa, akaingiza kichwa na tochi ndani yake, na asipoona kitu hupitisha kiganja taratibu kuzunguka duara zima.

Anapima pia kama pacha wamelingana. Huzungusha utepe wa chuma juu ya kashata za tairi moja, kisha la pili, akaandika kwa chaki kwenye rimu. Siku moja dereva alikuja na matairi mawili ya jina moja na saizi moja, moja jipya na lingine limebakiza kidogo kuwa kipara, akitaka yakae pamoja. Mzingo ulitofautiana kwa sentimita nne. Mzee alichuchumaa akafanya hesabu kwenye sakafu. Tairi kama hilo huzunguka mara 310 hivi kwa kilomita. Mara sentimita nne, ni zaidi ya mita 12. Ekseli ni moja, yote mawili lazima yazunguke sawa, hivyo katika kila kilomita kuna mita 12 ambazo lami inataka kulinyang'anya tairi na nati zinakataa kuliachia. Mpaka Tunduma, njia ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, umeburuza mpira kilomita kumi na kupita. "Hilo si tairi tena," alisema, "hilo ni kifutio." Dereva alicheka, akatazama zile namba za chaki, akaacha kucheka, na akakubali atafutiwe pacha wa kufanana.

Magurudumu pacha yenyewe si jambo la jana. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuyatoa mwaka 1908, wakati magari mazito yalipokuwa bado yanatembelea mpira mgumu usio na upepo, kwa sababu tairi moja la upepo la siku zile halikuweza kubeba lori. Mawili yakashirikiana mzigo. Hapa kwetu sifa zake zilijengwa kwenye barabara hii hii. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na njia ya mafuta ya Zambia ikafungwa, mapipa ya petroli yalipandishwa malori Dar es Salaam yakapelekwa kusini magharibi kwa njia ya udongo, masika na kiangazi. Bomba la TAZAMA lilikuja mwaka 1968, lami ikafuata, reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hayo yote walikuwepo madereva na utingo waliolala chini ya matela porini wakibadilisha matairi kwa mwanga wa kandili. Mzee aliwakuta wazee wa kundi hilo alipokuwa kijana wa kushika jeki. Kwao ndiko alikojifunza kutoliamini tairi lisilochunguliwa.

Kulikuwa pia na wakati ambapo tairi lilikuwa na kwao. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilianza kuzalisha mwaka 1971. Nairobi kulikuwa na kile cha Firestone, baadaye Sameer, kilichotoa matairi ya Yana. Saizi zilikuwa chache na zinajulikana, na fundi wa Makambako angeweza kukariri zote. Arusha kulisimama mwaka 2009; Nairobi wakaacha kutengeneza mwaka 2016. Sasa matairi yanatoka pande zote za dunia, mapya na ya mtumba, ya majina ambayo hakuna anayeyafahamu, mengine yameandikwa upana mmoja na ukiyapima una mwingine. Hali hii ingedai upimaji zaidi kuliko wakati wowote. Badala yake tumepata mashine ya kufungulia tairi kwa dakika nne na kijana mwenye bastola ya upepo inayokaza nati kwa mlio wa kutisha. Mashine ile naisifu, imewapumzisha wengi migongo. Lakini dakika ilizookoa zingetosha kuchungulia kati ya matairi pacha, na hazitumiki hivyo.

Mwaka mmoja wakati wa kiangazi lilisimama bandani gari-nyumba la Wajerumani, mume na mke wa makamo waliokuwa wakielekea Cape Town. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, vitabu, na bafu dogo. Nyuma lilikuwa na matairi pacha, madogo kuliko ya lori lakini kwa sheria zile zile. Walikuwa wamevalisha matairi mapana kuliko ya kiwandani ili wapite vizuri kwenye mashimo na matope. Tangu Mikumi walikuwa wanasikia harufu ya mpira. Walishafika gereji mbili, wakaambiwa ni breki. Mzee aliwaomba kadi, yoyote. Mwanamke akampa ya posta, yenye picha ya twiga. Mzee aliipitisha juu kati ya matairi ya kushoto ikapita. Akaishusha chini, ikakwama ilipofika pale mpira unapovimba. Akaenda kulia. Kule ilipita juu, ikapita na chini.

Hapo ndipo nilipomwona akisimama kimya kwa muda mrefu. Kisha akagonga ubavu wa gari kwa kifundo cha kidole, kushoto, kulia, kushoto tena, akauliza kwa ishara: humu mna nini? Mlikuwa na matangi ya maji. Yote mawili yalikaa kushoto, na betri kando yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, na walikuwa wameyajaza asubuhi ile. Gari lingepita kwenye mizani yoyote ya ekseli, uzito ungekuwa halali, maana mizani inajumlisha kushoto na kulia. Matairi ya kushoto hayakuwa na wa kujumlishwa naye. Aliwafungulia maji, akaongeza upepo kwa kadiri tairi lilivyoandikwa, akaonyesha kwa viganja vyake viwili namna mashavu yalivyokuwa yakisuguana, akaingiza kadi tena. Ikapita kwa shida. Akawaambia, nami nikawatafsiria, kwamba hiyo ni ya kuwafikisha Mbeya polepole, na Mbeya watafute saizi ya kiwandani hata kama ni ya kuagizwa. Mwanamume alipiga picha ule ubao wa mninga pande zote mbili. Akataka kuununua. Mzee alishangaa kwamba mtu anaweza kuona kifaa cha kazi kinatumika akauliza bei yake.

Vijana watatu wamepita mikononi mwa Mzee tangu nianze kusimama pale kila ninaposafiri. Wote walikuwa wepesi, wenye nguvu, wasiolalamika. Mmoja sasa ana banda lake Igawa, mwingine ameingia kwenye malori, wa tatu anafanya kazi upande wa pili wa barabara ile ile kwenye duka kubwa lenye mashine. Walijifunza kwake kuziba, kufunga, kusawazisha upepo. Ubao walikuwa wakimshikia. Hakuna aliyechonga wake. Niliwahi kumwuliza yule wa tatu sababu, akanijibu kwa adabu: "Kaka, mteja haulizi hilo." Ni kweli haulizi. Mgonjwa naye haulizi kama daktari amenawa mikono.

Mara ya mwisho nilipopita, lori la saruji la kwenda Songea lilikuwa bandani na mwenye mali mwenyewe alikuwepo, mtu wa makamo, mwenye haraka na heshima. Alikuwa na matairi manne mapya, 12R22.5, kila moja bado na nywele zake za mpira. Mzee alifungua rimu moja, akailaza kifudifudi kwenye ubao mnyoofu, akapima kutoka kwenye uso unaokalia habu hadi katikati ya rimu. Milimita 159. Akazidisha mara mbili, akaandika 318 kwa chaki, akachukua utepe na kuzungusha kwenye moja ya matairi mapya, akapima upana wake. Kisha alimweka mwenye lori kando na kumweleza yote, kwa sauti ya chini ili dereva na utingo wasisikie bosi wao akifundishwa. Alimwonyesha kwa vidole uwazi utakaobaki, akamwonyesha kwa kuvisogeza vidole utakavyokuwa na mifuko ya saruji juu. Akamshauri arudishe matairi dukani, au atafute rimu zinazoachana zaidi.

"Mzee wangu, nimekuelewa," alisema yule bwana, "ila duka halirudishi, na mzigo unasubiriwa kesho. Funga tu, Mungu yupo."

"Mungu yupo, mwanangu. Mimi sitafunga."

Hawakugombana. Matairi ya zamani yalirudishwa, nati zikakazwa kwa mpangilio wa msalaba, lori likavuka barabara. Upande wa pili walikuwa wepesi. Kabla ya adhuhuri lilitoka likiwa limevaa mapya yote manne, likashika njia ya Njombe na mzigo wake. Kwenye bati la banda la Mzee bei zimeandikwa kwa rangi nyekundu: kuziba pancha, kubadili ndani kwa nje, kufunga, kujaza upepo. Kupima hakumo. Alikuwa ametumia sehemu kubwa ya asubuhi kwenye lori lile, na mwenye lori alipomwuliza anadaiwa kiasi gani, Mzee alitazama orodha ile, akamwambia hadaiwi kitu.